UZI: Umepandisha toleo la Linux na kioo kimebaki cheusi? Usifomati kwanza

Fundi wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaopita hapa kusoma.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniuma. Siku hizi laptopu za mtumba zinatiwa Linux, na ni jambo zuri. Mashine ya RAM gigabaiti 4 iliyokuwa ikikokota na Windows inakwenda vizuri tu na aina za Linux kama Mint, au Debian yenye deskitopu nyepesi ya Xfce. Walimu wa skuli wanazo, wanafunzi wanazo, steshenari zinafanyia kazi. Lakini kila toleo jipya likitoka, naletewa mashine na maneno yale yale: "Fundi, imekufa. Jana usiku nimesasisha, leo asubuhi kioo cheusi. Nifomatie." Nyengine hunifikia zikiwa zimeshafomatiwa na mtu mwengine, mwenyewe anauliza kama mafaili yatarudi. Tasnifu imekwenda na maji. Hesabu za duka za mwaka mzima zimekwenda na maji. Na nikiuliza dalili zilikuwaje, nakuta ni ugonjwa wa amri mbili tatu.

Kioo cheusi baada ya kupandisha toleo si kifo cha kompyuta. Mara nyingi mfumo umewaka salama, diski nzima, na mafaili yako yapo kwenye /home kama ulivyoyaacha. Kilichoanguka ni upande wa picha tu. Kufomati kwa ajili hiyo ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimegoma.

Deskitopu ya Linux ni tabaka juu ya tabaka. Chini ipo kerneli, inayozungumza na vifaa. Juu yake draiva ya kadi ya picha. Kisha seva ya picha, X ya zamani au Wayland ya sasa. Kisha meneja wa kuingia, yaani kile kidirisha kinachokuuliza jina na neno la siri: GDM, LightDM au SDDM. Kisha ndiyo deskitopu yenyewe: GNOME, Cinnamon, Xfce au KDE Plasma. Juu kabisa ipo mipangilio yako wewe, imejificha kwenye folda zenye nukta mbele ya jina. Toleo likipanda, tabaka zote hizi hubadilika kwa mkupuo mmoja. Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15 na GNOME 42, na 24.04 ikatoka na kerneli 6.8 na GNOME 46. Debian 12 ya Juni 2023 ilikuwa na kerneli 6.1, na Debian 13 ya Agosti 2025 ina 6.12. Ukishajua ni tabaka gani limekatika, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kwa hiyo ukikutana na kioo cheusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3 kwa pamoja. Isipojibu, jaribu F4. Likitokea neno "login:" na kijimstari kinapepesa, shusha pumzi, mashine yako hai. Andika jina lako la kuingilia, kisha neno la siri. Neno la siri halionekani unapoliandika, hata nyota hazitokei, usidhani kibodi imekufa. Ukishaingia, andika `ls` utizame mafaili yako. Watu huwa wanafurahi sana hapo.

Kitu cha kwanza ninachokitizama ni nafasi ya diski:

`df -h`

Ukiona mstari wa `/` unasoma 100%, umeshapata jibu. Diski ikijaa, deskitopu haina pa kuandika faili zake ndogo ndogo na inaanguka kabla hujaiona. Kupandisha toleo hushusha vifurushi vya programu vya gigabaiti kadhaa, na mashine nyingi zina diski ndogo. Safisha kwa `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=100M` (sudo ni kuamuru kama mkuu wa mfumo, itakuuliza neno lako la siri), kisha washa upya. Kama `/boot`, panapokaa kerneli, ni kizigeu (kipande cha diski) cha peke yake, itizame vilevile, maana ikijaa kerneli mpya inakaa nusu nusu. Waraka wa Debian 13 wenyewe unashauri `/boot` iwe angalau megabaiti 768, na kama 300 ziwe tupu kabla ya kuanza.

Cha pili ni kazi iliyokatika njiani. Hili kwetu ni kubwa. Pemba umeme unatufikia kwa waya wa baharini kutoka Tanga, tangu 2010, na masika radi zikianza kila mtu anajua. Laptopu ya mtumba betri yake haishiki hata dakika tano. Umeme ukikatika apt, yaani programu inayoshusha na kuweka vifurushi, ikiwa kati kati ya kuvifunga, nusu ya mfumo inabaki ya zamani na nusu mpya. Ukiwasha utaambiwa hivi:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Fanya kama ilivyosema, halafu `sudo apt --fix-broken install`, halafu `sudo apt full-upgrade`. Iache imalize, usiikatize kwa sababu umeona imekaa kimya. Ikikuuliza kama uweke faili jipya la mipangilio au ubaki na la zamani, na wewe hukuwahi kuligusa faili hilo, chukua jipya.

Hapo huhitaji deskitopu, lakini intaneti unaihitaji. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, na mara nyingi itashika yenyewe. Hakikisha kwa `nmcli device status`.

Vyote viwili vikiwa sawa na kioo bado cheusi, tunaingia kwenye draiva. Hapo ndipo penye kazi.

Mashine zenye kadi ya Intel au AMD huwa hazisumbui, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya kerneli. Zenye NVIDIA na draiva ya kiwandani ni habari nyengine. Draiva ile mara nyingi inajengwa upya kwa kila kerneli na programu inayoitwa DKMS. Kerneli mpya ikija bila vichwa vyake (headers, mafaili ya kujengea draiva), au draiva ikiwa ya zamani kuliko kerneli, ujenzi unashindwa kimya kimya na wewe unabaki na giza. Andika:

`uname -r`
`dkms status`

Ya kwanza inakwambia uko kwenye kerneli gani. Ya pili inaonesha draiva imejengwa kwa kerneli zipi. Kama namba ya kerneli yako haimo kwenye orodha, weka vichwa. Kwenye Ubuntu na Mint ni `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, na kwenye Debian weka kifurushi `linux-headers-amd64` ili mara nyengine vije vyenyewe. Kisha `sudo dkms autoinstall`.

Kuna kadi ambazo hapana dawa hiyo. Mfululizo wa draiva 390, wa zile GeForce za namba 400 na 500, NVIDIA waliacha kuuhudumia mwisho wa 2022. Ule wa 340 waliuacha mwisho wa 2019. Laptopu nyingi za mtumba zina kadi za umri huo. Usipoteze bando kutafuta draiva. Iondoe kwa `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, tizama kama kuna faili lolote ndani ya `/etc/modprobe.d` lenye mstari `blacklist nouveau` ulifute, andika `sudo update-initramfs -u`, washa upya. Nouveau, draiva huru iliyomo ndani ya kerneli, itashika. Michezo mikubwa hutocheza, lakini kazi za ofisi, video na intaneti zitakwenda.

Na kama hata Ctrl+Alt+F3 haijibu, shika Shift wakati mashine inawaka, au gongagonga Esc kwa mashine mpya za UEFI, mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo. Chagua mstari wa pili, utaona kerneli zako zote, ingia kwa ile ya zamani. Ikiwaka nayo, umeshajua kosa liko kwa kerneli au draiva. Ikigoma pia, rudi kwenye menyu, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, mwisho wake ongeza neno `nomodeset`, kisha Ctrl+X. Kioo kitakuwa na picha kubwa kubwa zisizopendeza, lakini utaingia na utafanya kazi yako ya kurekebisha.

Mwenye tatizo aliweke hapa, aseme mfumo gani, ametoka toleo gani kwenda lipi, na kadi gani ya picha (`lspci | grep -i vga`). Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mpwani_Wete

Waalaykum salaam fundi. Mimi yangu haina kioo cheusi. Kidirisha cha kuingia kinakuja vizuri, naandika neno la siri, kioo kinawaka kidogo kama kinataka kuingia, kisha kinanirudisha pale pale. Nikikosea neno la siri kwa makusudi kinanambia nimekosea, kwa hiyo neno lenyewe ni sahihi. Mint 21 kwenda 22, kadi Intel. Diski nimetizama ina nafasi.

Fundi wa Chake

Yakhe, maelezo mazuri sana, umenirahisishia. Ile ya kukosea kwa makusudi wengi hawaifikirii, na inaonesha kwamba meneja wa kuingia ni mzima na akaunti yako ni nzima. Kinachokufa ni deskitopu yenyewe mara tu ikianza, au haina ruhusa ya kuandika nyumbani kwako.

Nenda Ctrl+Alt+F3, ingia, andika:

`ls -la ~ | grep -i authority`

Nipe mstari unaotoka.

Mpwani_Wete

`-rw------- 1 root root 55 .Xauthority` (tarehe nimeiondoa). Siku ile ilipogoma nilifuata maelezo ya mahali fulani nikaandika `sudo startx`.

Fundi wa Chake

Ndiyo hiyo. Faili lile ni lako, lakini sasa mwenyewe ni root (mkuu wa mfumo), kwa hiyo unapoingia kwa jina lako mfumo unakataliwa kulifungua. Unapoanzisha picha kwa sudo, ndivyo linavyogeuka. Andika:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`

Fanya hivyo hivyo kwa `.ICEauthority` kama nayo inasoma root. Rudi kwenye kidirisha kwa Ctrl+Alt+F7, au F1 kama F7 haina kitu, ingia.

Mpwani_Wete

Imeingia! Allah akuzidishie. Nilikuwa nishaanza kutafuta flashi ya kufomatia.

Ila sauti hakuna. Inaonesha "Dummy Output" tu.

Fundi wa Chake

Alhamdulillah. Sauti nayo imebadilika ndani ya Mint 22: wametoka PulseAudio kwenda PipeWire. Debian yenye GNOME imefanya hivyo tangu toleo 12. Kwa hiyo maelezo ya zamani ya kuhariri mafaili ya PulseAudio hayakusaidii tena. Hii hapa bila sudo:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Kisha `pactl info`, utizame mstari wa jina la seva una neno PipeWire. Ikibaki Dummy hata baada ya kuwasha upya, tatizo ni la chini zaidi, kadi ya sauti haijatambuliwa. Andika `sudo dmesg | grep -i -e sof -e snd` uniwekee hapa.

Mpwani_Wete

Ya kwanza tu imetosha. Qur'ani inasoma saa hizi.

Mwalimu_Jang'ombe

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, natengeneza mitihani ya madrasa kwa Kiarabu na Kiswahili. Nilikuwa na Ubuntu 20.04, nikaambiwa imekwisha muda wake, nikapandisha 22.04. Kila kitu kinawaka. Lakini Alt+Shift niliyokuwa nikibadilishia kibodi kwenda Kiarabu haifanyi kazi kabisa, na maandiko yangu ya zamani herufi zimebadilika sura, irabu zinakaa ovyo, fat-ha inapanda juu ya mstari wa pili. Kijana aliyeniwekea mwanzo alikuwa ameandika faili dogo lenye `setxkbmap`. Mitihani inakaribia na nina wasiwasi.

Fundi wa Chake

Waalaykum salaam mwalimu wangu. Usiwe na wasiwasi, hapa hapana kilichopotea, na jambo lako nalipenda kulifafanua kwa sababu walimu wengi watalikuta.

Ni kweli 20.04 ilimaliza huduma yake ya kawaida Mei 2025, kwa hiyo kupandisha ulifanya jambo sahihi. Ila katika 20.04 deskitopu ilikuwa ikitumia X, na kuanzia 21.04 Ubuntu kwa kawaida inaingia kwa Wayland. Amri ile ya `setxkbmap` inazungumza na X peke yake. Kwa Wayland inaandikwa, haileti kosa, na haifanyi kitu. Ndiyo maana inachanganya watu. Thibitisha kwanza:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `wayland`, lifute lile faili dogo, halina kazi tena. Fungua Mipangilio, sehemu ya Kibodi, ongeza Kiarabu chini ya kibodi yako ya sasa. Utabadilisha kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Mkono wako ukiwa umezoea Alt+Shift, andika hii mara moja tu kwenye terminali:

`gsettings set org.gnome.desktop.input-sources xkb-options "['grp:alt_shift_toggle']"`

Kuhusu herufi: maandiko yako yaliandikwa kwa fonti ambayo sasa haimo kwenye mashine, na LibreOffice inachukua nyengine kuziba pengo. Fungua andiko moja, weka kishale ndani ya neno la Kiarabu, tizama jina la fonti pale juu. Likiwa limeandikwa kwa mlazo, fonti haipo. Iweke kutoka hazina. Kwa kazi ya madrasa mimi nawapendekezea watu Amiri, aliyoitengeneza Khaled Hosny, maana irabu zake zinakaa mahali pake hata mistari ikibanana:

`sudo apt install fonts-hosny-amiri fonts-sil-scheherazade`

Ndani ya LibreOffice, kwenye mipangilio ya lugha, hakikisha pametiwa alama ya maandishi changamano, vyenginevyo huwezi kuchagua fonti ya Kiarabu peke yake na ya Kiswahili peke yake. Ukiona bado unahitaji X kwa sababu nyengine, kwenye kidirisha cha kuingia bonyeza jina lako, chini kulia kuna alama ya gia, chagua "Ubuntu on Xorg". Na ukishamaliza, hifadhi nakala ya mitihani kwa PDF kabla ya kwenda kupiga chapa kwenye mashine ya mtu mwengine.

Mwalimu_Jang'ombe

Fat-ha zimerudi mahali pake. Jazakallahu kheri. Nitawaelekeza na wenzangu skuli.

Bandarini

Fundi kwa heshima, mimi nafanya kazi hizi Darajani. Mteja amesimama mbele yako anataka mashine yake. Kufomati ni nusu saa, kuchunguza ni nusu siku. Huoni unawatesa watu?

Fundi wa Chake

Kaka yangu, nakuelewa, nami nina wateja wanaosimama mbele yangu. Lakini hesabu nusu saa hiyo vizuri. Baada ya kufomati mtu anabaki bila printa yake, bila kivinjari chenye maneno yake ya siri, bila fonti za Kiarabu, bila programu ya hesabu. Kuvirudisha anatumia bando lake na siku zake, wewe hazikuhusu tena. Na kama kosa lilikuwa ni kadi ya NVIDIA isiyokuwa na draiva tena, utafomati, utaweka toleo lile lile jipya, utaweka draiva ile ile, na kioo kitarudi cheusi mbele ya mteja yule yule.

Hayo niliyoyaandika juu, diski, dpkg, dkms na ruhusa, ukiyazoea hayachukui muda mrefu. Na ukiamua kufomati kwa sababu mfumo umeharibika kweli, washa kwa flashi ya Linux ya kujaribia, ifungue diski, nakili folda yote ya /home kwenye diski ya nje, mwenyewe aione kwa macho, ndipo ufute. Picha za mtu za mama yake aliyefariki hazipakuliwi tena kutoka popote. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeshawahi kumtizama mtu usoni akiambiwa hazipo.

Mwanafunzi_Tunguu

Shikamoo fundi. Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, naingia, naona picha ya nyuma tu, hakuna upau wala menyu, halafu linakuja neno "Oh no! Something has gone wrong". Akaunti ya mdogo wangu kwenye mashine hiyo hiyo inafunguka vizuri.

Fundi wa Chake

Marahaba. Mdogo wako amekupa jibu. Akaunti moja ikifunguka na nyengine ikigoma, basi kerneli, draiva na seva ya picha vyote vizima, na ugonjwa umo kwenye folda yako. Mtu asiyekuwa na akaunti ya pili aiunde kwa ajili ya kujaribu tu: `sudo adduser jaribio`. Mimi hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Kwa GNOME mshukiwa wa kwanza ni ekstensheni, vile vijiprogramu vya kuongezea deskitopu. GNOME 45, ya Septemba 2023, ilibadilisha namna ekstensheni zinavyoandikwa, na za kabla yake hazifanyi kazi mpaka mwenyewe azirekebishe. Wewe umeruka kutoka 42 hadi 46. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3 uzihamishe, usizifute:

`mv ~/.local/share/gnome-shell/extensions ~/ekstensheni-za-zamani`

Ingia tena. Kisha weka unazozihitaji, moja baada ya moja, matoleo mapya.

Wa Xfce, upau ukipotea, hamisheni `~/.cache/sessions` na ikishindikana `~/.config/xfce4`. Wa KDE waliotoka Plasma 5 kwenda 6, vijiprogramu vya upau vya zamani haviingiliani na mpya. Hamisheni faili `~/.config/plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc`. Mtapoteza mpangilio wa upau, hamtopoteza hata barua moja.

Mwanafunzi_Tunguu

Imefunguka. Ilikuwa ekstensheni ya hali ya hewa.

Kizimkazi_Kusini

Mimi nina Debian, nimetoka 11 kwenda 12. Deskitopu ipo, waifai haipo kabisa, kama vile kadi haijawahi kuwepo.

Fundi wa Chake

Fungua `/etc/apt/sources.list`. Mistari yako bila shaka inaishia `main contrib non-free`. Kuanzia Debian 12, faili za vifaa zisizo huru zimehamishiwa sehemu mpya inayoitwa `non-free-firmware`. Usipoiongeza, unabaki na faili za toleo la zamani wakati kerneli ni mpya, na baadhi ya kadi zinakataa. Ongeza neno hilo mwisho wa kila mstari, unganisha simu kwa waya, `sudo apt update`, `sudo apt full-upgrade`, washa upya. Ikibaki bubu, `sudo dmesg | grep -i firmware` itakutajia jina la faili linalokosekana.

Na ukija kwenda 13 baadaye, jua kwamba `/tmp` inahamia kwenye RAM na inaweza kula mpaka nusu yake. Mwenye mashine ndogo anayeskani vitabu ataona programu zinakwama. Dawa ni `sudo systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya.

Mkoani_Ofisini

Swali langu ni la kabla. Tuna kompyuta kadhaa ofisini, zote Debian 12, zote za aina moja, tunatumia bando la simu. Kupandisha kila moja peke yake kwenda 13 hatuwezi kulipia. Na yangu moja kila nikijaribu `apt update` inanambia faili "is not valid yet". Tufanyeje?

Fundi wa Chake

Hiyo moja, tizama saa yake. Betri ndogo ya ubao imekufa, kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma, na apt inaona faili za kesho. Andika `timedatectl`. Rekebisha tarehe kwa `sudo date -s "2025-11-20 10:00"`, ukiweka siku na saa ya kweli ya wakati huo, kisha nunua betri ya CR2032 uibadilishe. Ni rahisi, na inaondoa makosa mengine mengi ya tovuti kukataa kufunguka.

Kuhusu bando: chagua kompyuta moja. Isasishe kwanza ndani ya 12 mpaka iwe haina deni, nakili mafaili ya watu nje, kisha badilisha `bookworm` (jina la Debian 12) kuwa `trixie` (jina la 13) kwenye vyanzo, yaani `/etc/apt/sources.list`, `sudo apt update`, halafu:

`sudo apt full-upgrade --download-only`

Hapo inashusha tu, haifungi kitu. Vifurushi vinakaa `/var/cache/apt/archives`. Vinakili vyote vya `.deb` kwenye flashi kabla ya kuendelea, kwa sababu apt ikishafunga huwa inavifuta. Kisha pandisha mashine hiyo ya kwanza kwa mpangilio wa Debian wenyewe: `sudo apt upgrade --without-new-pkgs`, kisha `sudo apt full-upgrade`. Itumieni mpaka mridhike: printa, sauti, skana, kila kitu. Printa za HP zinazotumia plagini zitataka `hp-plugin` iendeshwe upya, maana plagini lazima ilingane na toleo la HPLIP, programu ya printa za HP.

Ikiwa nzima, nenda kwa nyengine: badilisha vyanzo, `sudo apt update` ambayo inakula bando kidogo, mimina zile `.deb` kwenye `/var/cache/apt/archives`, pandisha. Itashusha vile tu vilivyopungua. Kama kompyuta zenu zimeunganishwa kwa mtandao mmoja wa ofisini, njia bora zaidi ni kuweka `apt-cacher-ng` kwenye moja, na kwenye zilizobaki kuandika faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proksi` lenye mstari huu, namba ikiwa ya kompyuta hiyo yenye `apt-cacher-ng`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Kila kifurushi kinashuka kutoka nje mara moja tu, na vyanzo vyenu viwe vya http. Fanyeni mkiwa na UPS au laptopu yenye betri ya kushika, na mtu mmoja abaki karibu mpaka imalize.

Mkoani_Ofisini

Saa ilikuwa inasoma 2011. Ya kwanza inashusha sasa hivi, nitaleta majibu hapa ikishawaka.